Vipimo vya Saa Sita

"Hii ya saa sita kamili umeisoma wapi, wewe? Sasa hivi ni saa tano!"

"Mwalimu, punguza sauti, watasikia."

"Wasikie! Ulikwenda mbele ukasoma joto, halafu ukarudi?"

Aligonga karatasi yetu kwa kalamu mpaka ikatoboka. Na mimi nikapandisha sauti, maana nikibanwa huwa napiga kelele. Ndiyo sababu shuleni waliniita Jenereta. Nikamwambia yeye ana kazi yake, lakini mimi nimemaliza kidato cha nne na huu ni mwezi wa tano nazunguka nyumbani kama feni, mpaka mama kachoka kuniona.

"Nafasi ni moja, Mwalimu! Moja tu!"

Nafasi yenyewe ilikuwa hii. Karakana inayotengeneza vifaa vya hospitali ilifungua milango kwa wiki nzima. Kila mwalimu wa sayansi aje na kijana mmoja aliyemaliza shule, wafanye kazi kwa mikono yao wenyewe. Mwalimu wangu wa fizikia alinichagua mimi, sijui aliona nini. Miaka ishirini amechora nyaya za umeme ubaoni, lakini chuma cha kulehemu alikuwa hajawahi kukishika. Jumatatu alikishika, akaungua kidole, akakinyonya, akacheka.

"Tena," akasema. "Nipe kingine."

Kufika Jumatano alikuwa analehemu kunishinda.

Tulitengeneza kengele ya friji ya chanjo. Ni kiboksi chenye kioo cha namba na waya mrefu. Ncha ya waya inakaa ndani ya friji kupima joto, na joto likizidi nyuzi nane, kengele inalia. Kengele zitakazofaulu zitafungwa kwenye zahanati. Na kijana wa kengele bora angechukuliwa karakana miezi mitatu kujifunza ufundi. Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa naiota hata mchana.

Ijumaa ikawa siku ya majaribio. Unaweka ncha ya waya pamoja na kipimajoto kwenye ndoo ya barafu. Kila dakika kumi unamimina kikombe kimoja cha maji ya kawaida, unakoroga, halafu unaandika namba mbili: ya kipimajoto na ya kengele yako. Unaanza saa nne, unamaliza saa sita. Karatasi zinakusanywa saa sita na nusu.

Saa nne na nusu walimu waliitwa kwenye kikao chao.

"Nakuachia ndoo, Jenereta. Usibanduke."

Nikabanduka. Chumba cha pili kulikuwa na mashine inayochapa vitu vya plastiki, mstari juu ya mstari, na saa hiyo ilikuwa inachapa kidole cha mkono wa bandia. Kidole kizima, na kucha yake! Nani angebaki na ndoo? Niliporudi nilikuwa nimeruka vipimo vitatu. Nikavijaza kwa kukisia. Kalamu ikanoga, nikamalizia vyote mpaka saa sita.

Basi Mwalimu akarudi, akaona, ndiyo makelele yakaanza. Nikamalizia kwa kombora langu la mwisho:

"Lakini Mwalimu, shuleni si tulikuwa tunafanya hivi hivi?"

Akaiweka kalamu chini. Kweli, shuleni tulikuwa sitini na kipimajoto kimoja, nacho kilivunjika tukiwa kidato cha pili. Tangu hapo Mwalimu alikuwa anaandika majibu ubaoni, sisi tunanakili, kila mtu anabadilisha namba mbili tatu ili madaftari yasifanane. Tulikuwa tunaita "kupika".

Akachukua karatasi, akaenda moja kwa moja kwa Fundi Miwani, yule mama mkuu wa karakana aliyening'iniza miwani shingoni kwa waya wa simu. Nikamfuata nikimvuta mkoba, "Mwalimu, tafadhali, Mwalimu." Hakugeuka.

"Fundi, vipimo hivi vimepikwa," alisema mbele ya wote. "Kapika kijana wangu, lakini mapishi alijifunza kwangu."

Walimu wenzake walikuwepo, na wengine nadhani walikuwa wanakumbuka majiko yao. Niliona aibu, lakini si yangu tu. Nilimtazama Mwalimu amesimama wima na kidole chake kina plasta, nikajua mimi nisingeweza.

Fundi Miwani akavaa miwani. "Mkianza upya mtapita saa saba. Nafasi itakuwa imeshakwenda. Mnajua?"

"Tunajua," akasema Mwalimu.

"Mimi sijui," nikasema. Watu wakacheka, hata Fundi.

"Barafu iko pale, Jenereta. Na mlango usiubamize, upepo unavuruga vipimo vya wenzako."

Tukaanza upya. Kikombe, koroga, soma, andika. Sikubanduka, hata mashine ya vidole ilipomaliza na watu wakashangilia. Vikombe sita vya mwanzo, namba zetu zilifanana vizuri. Cha saba, kipimajoto kikasema tisa. Kengele yetu ikasema tano, nayo kimya, kama imelala.

"Nimesoma vibaya," nikasema.

"Soma tena."

Tisa. Tano.

Mkono ukatamani kuandika tisa na tisa. Nikaandika tano. Halafu nikagusa waya kidogo, namba zikaruka. Tukafungua kiboksi. Maungio ya nyaya aliyolehemu Mwalimu yaling'aa. Moja lilikuwa limefifia kama jivu, limepasuka pembeni. Lilikuwa langu, la Jumanne, nililolilehemu haraka haraka nikawahi kwenda kuangalia mashine nyingine.

Nikakaa chini. Wiki ijayo dada yangu anampeleka mtoto chanjo. Friji ingepata joto, dawa ingeharibika, na kengele yetu ingenyamaza tu huku karatasi inasema iko sawa.

Nililehemu upya, polepole, Mwalimu akinishikia waya. Tukarudia tena tangu barafu. Joto lilipopita nyuzi nane, kengele ikalia mpaka mtu mmoja akadondosha kikombe. Sijawahi kusikia kelele nzuri kama ile.

Ilikuwa karibu saa kumi. Nafasi alishaipata binti mmoja mpole ambaye hakubanduka kwenye ndoo yake tangu asubuhi. Haki yake.

Fundi Miwani akabandika alama ya kijani kwenye kiboksi chetu. "Hii inakwenda zahanati," akasema. "Sikiliza, kijana. Kipimo kibaya nakipenda, kwa sababu kinanionyesha pa kushika. Ulichopika hakinionyeshi kitu. Nikikiamini, mgonjwa ndiye anayelipa." Akamgeukia Mwalimu. "Na wewe chukua vipimajoto kumi hapo kabatini. Wanafunzi wako wasome wenyewe."

Mwalimu akavipokea kwa mikono miwili.

Mimi nikapewa fomu ya awamu ijayo, miezi mitatu mbele. Swali la kwanza lilisema: Eleza kosa ulilofanya kwa mikono yako, na jinsi ulivyoligundua.

"Jana ungeandika nini hapo?" Fundi akauliza.

"Ningepika."

Nikaikunja fomu, nikaiweka mfuko wa shati. Pembeni, mwalimu mwingine na kijana wake walikuwa bado wameinamia ndoo yao. Nikatoka, nikashika kitasa mpaka mwisho, nikaufunga mlango taratibu.