Duka la Kulala Bure

Kila siku akitoka shule, Kiherehere alikwenda moja kwa moja kwenye duka la magodoro alikofanya kazi mama yake. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu hakukuwa na jambo la watu wazima ambalo hakulitia mkono. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na kiherehere chenyewe hakijapungua hata chembe.

Duka lilikuwa la kampuni kubwa. Vitanda sita vilitandikwa shuka nyeupe, na mama alisimama ndani ya mlango wa kioo akiwa na kidude cha kuhesabia watu. Kila aliyeingia, alikibonyeza. "Karibu ujaribu," alisema. Basi watu walijaribu kwelikweli! Alasiri, wakitoka kazini, walivua viatu, wakajinyoosha, wakajigeuza huku na huku. Mzee mmoja, fundi saa mstaafu, alikoroma kila siku kwenye kitanda cha dirishani. Wakiamka, wote walikuwa na wimbo mmoja: "Asante dada, nitarudi."

Wiki tatu zilipita, na hakuna godoro hata moja lililonunuliwa.

Kiherehere alianza kukosa raha. Mwaka uliopita mama alikuwa akishona kwenye duka la nguo. Wateja waliadimika, duka likafungwa, na mama akakaa nyumbani miezi saba akitazama ukuta.

"Mama, na hili litafungwa?"

"Fanya hesabu zako," mama alijibu bila kumtazama. Hakujua, na mtoto aliona kwamba hajui. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Jumatatu Kiherehere alichukua kadibodi, akaandika kwa herufi nene: ASIYENUNUA ASILALE. Akaitundika nje ya mlango, maandishi yakitazama barabarani.

"Nini hicho?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Tangazo la kampuni, mama."

Mama hakuuliza zaidi. Jioni, kabla ya kufunga duka, Kiherehere aliificha kadibodi mkobani. Kesho yake akaitundika tena, na siku zilizofuata vivyo hivyo. Watu walifika, wakasoma, wakageuka. Hata fundi saa alisoma, akakuna kichwa, akaenda zake. Kiherehere alijipa moyo kwamba sasa wataingia wanunuzi. Alasiri hizo hakuingia mtu.

Ijumaa, kabla hajaitundika kadibodi yake, aliingia msimamizi kutoka makao makuu, mwanamke mfupi mwenye miwani. Hakuuliza habari za mauzo. Alichukua kidude akasoma.

"Dada, wiki iliyopita waliingia watu mia nne. Wiki hii mia na hamsini. Wamekwenda wapi?"

"Sijui, bosi. Nasimama palepale, nawakaribisha vilevile."

"Basi labda tujaribu mtu mwingine."

Mikono ya mama ilianza kutetemeka. Kiherehere aliukumbatia mkoba wenye kadibodi. Hakuna aliyemwona, angeweza kunyamaza. Lakini mikono ile hakuweza kuitazama.

"Ni mimi," alisema huku akilia, akaitoa kadibodi. "Nilitaka wanunue, duka lisifungwe. Nikamdanganya mama."

Msimamizi alisoma maandishi yale mara mbili. "Mwanangu, duka hili halikufunguliwa ili liuze. Faida tunaipata sokoni, kwenye maduka ya kawaida. Hapa watu wanakuja kuyajua magodoro yetu tu, ili huko wayatafute kwa jina."

"Mbona mimi sikuambiwa?" mama aliuliza polepole.

"Hukuuliza."

"Niliogopa. Ningeonekana sijui kazi."

Msimamizi alivua miwani, akaifuta. "Basi na sisi tumekosea. Baki na kazi yako, dada." Akamgeukia Kiherehere. "Na wewe, andika upya."

Kiherehere aligeuza kadibodi, akaandika: INGIA ULALE, kisha akaitundika mlangoni. Haukupita muda, fundi saa akachungulia. "Nilidhani mmenifukuza!" alisema, akaenda kitandani kwake.

Msimamizi alipoondoka, mama aliketi ukingoni mwa godoro kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alikuwa hoi. Akamvuta binti yake karibu.

"Tuliogopa wote wawili, kila mtu kimya kimya," alisema. "Usilolijua, uliza, hata ukiona aibu. Mimi pia nitajifunza. Na ukikosea, sema siku ileile, mwanangu. Usingoje mpaka mtu mwingine atetemeke kwa ajili yako."

Kiherehere akaishika mikono ya mama yake. Ilikuwa bado haijatulia.