Uvimbe Utoke, Kizazi Kibaki

Nyakio aliuza vitunguu vilivyotoka mashamba ya Kimana sokoni Kitengela. Kila mwezi alitokwa na damu siku kumi, nzito, yenye mabonge. Alifunga sweta kiunoni akaendelea kuuza. Tumbo nalo lilikua.

"Hongera, mama! Ni wa lini?" wateja walimuuliza.

"Mungu anajua," alijibu.

Hakuwa na mimba. Lakini alikuwa na miaka mitano ya ndoa bila mtoto, na uongo huo ulikuwa mtamu. Habari zikamfikia mama mkwe wake, Waithera, huko Kisaju. Kwa desturi ya Wakikuyu, msichana wa kwanza angepewa jina lake. Mama mzee akaanza kufuma sweta ndogo. Sasa Nyakio angemwambia nini?

Hospitali hakwenda. Alikuwa amesikia kwamba ukiwa na uvimbe wanatoa kizazi chote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku moja alianguka pale pale sokoni.

Jirani yake Maryanne, muuguzi, alimpeleka hospitali Kajiado. Akapigwa skani.

"Uko na fibroidi," Maryanne alimweleza. "Ni uvimbe kwenye kizazi. Mara nyingi si kansa. Ikiwa ndogo na haisumbui, inaangaliwa tu. Zako ni kubwa."

"Watatoa kizazi?"

"Si lazima. Mwambie daktari bado unataka kuzaa. Anaweza kutoa uvimbe, aache kizazi. Lakini kwanza uongezwe damu, iko chini sana."

"Na nitazaa?"

Maryanne hakumdanganya. "Wengi huzaa. Si wote."

Nyakio alilia sana. Kisha akampigia mama mkwe simu. "Mama, nisamehe. Hakuna mtoto. Ni ugonjwa."

Waithera akakata simu.

Nyakio alipasuliwa. Fibroidi saba zilitolewa, kizazi kikabaki. Daktari alimwambia asishike mimba mpaka kidonda cha ndani kipone, na akiipata aanze kliniki mapema.

Miezi miwili ikapita. Damu ya mwezi sasa ilikuwa ya siku nne tu. Lakini Waithera hakupiga simu, na hilo lilimuuma Nyakio kuliko kidonda.

Jumamosi moja Waithera akabisha mlango, chupa ya uji mkononi.

"Mama, sina mtoto wa kukuonyesha," Nyakio alisema.

"Ungekufa, Nyakio," Waithera alisema. "Na mimi ningelilia mtoto ambaye hakuwepo, nikusahau wewe."

Walikaa wakalia pamoja, hata uji ukapoa vikombeni.