Angalia Kote

Kila Jumamosi, Aziza akishamaliza kuosha vyombo, mbio hadi maktaba ya chuo hapa Kasongo, alikofanya kazi shangazi yake, Rehema. Shangazi alianza kwa kufuta vumbi tu. Lakini kila kitabu alichokifuta alikifungua pia, mpaka chuo kikampeleka Kindu kusomea kazi ya ukutubi. Sasa mkuu wa maktaba alikuwa amestaafu, na Jumamosi moja asubuhi Profesa Gaston, mkuu wa chuo, alikuwa njiani kwa pikipiki, aje kuona kama Rehema anafaa kukikalia kile kiti.

Shangazi hakutulia. Alikuwa akifunga kilemba huku sikio liko barabarani.

"Aziza, mama, vile vitabu vya mezani uvirudishe kwenye rafu. Angalia kote kwanza, halafu uweke!"

"Ndiyo, shangazi."

Basi Aziza akaangalia kote. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama hata chini ya meza, asione tatizo lolote. Kisha kila penye nafasi akachomeka kitabu, akafurahi kwamba amemaliza upesi.

Profesa akaingia, viatu vyekundu kwa vumbi la njia. Akasema, "Mama Rehema, naomba kitabu cha magonjwa ya mihogo."

Shangazi akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya kilimo, akapeleka mkono. Mkono ukarudi mtupu.

"Kilirudishwa jana," akasema, sauti ikimpungua.

"Au wanafunzi wamekiiba?" Profesa akauliza.

Lo! Aziza alikikumbuka, kile chenye jani la muhogo kwenye jalada. Alikuwa amekichomeka kati ya vitabu vya sheria! Akinyamaza, wanafunzi watasingiziwa wizi. Akisema, pengine shangazi atakikosa kiti kwa ajili yake.

"Ni mimi, Profesa," akasema, machozi yakimlenga. "Nimekiweka kwenye vitabu vya sheria. Shangazi aliniambia niangalie kote, na kweli nikaangalia kote!"

Shangazi akaangua kicheko mpaka akashikilia rafu.

"Masikini mwanangu, haraka yangu imetuponza! Kote iko hii hapa." Akamwonyesha karatasi ndogo iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu, yenye namba na herufi. "Ni neno la Kifaransa. Inatuambia kitabu kinakaa rafu gani."

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Akakunja mikono ya shati, na wote watatu wakavirudisha vitabu, Aziza akisoma kote kwa sauti.

"Mama Rehema," Profesa akasema walipomaliza, "kwako mtu anakosea, anasema, na kosa linarekebishwa papo hapo bila matusi. Maktaba ni yako."

Shangazi akapiga vigelegele mle mle ndani, mahali anapokataza watu hata kunong'ona!

Wakirudi nyumbani, akamshika Aziza mkono. "Kitabu kikikosea rafu kimepotea, hata kama kimo ndani ya nyumba. Na ukweli ni hivyo hivyo, mwanangu. Ukiuficha, haumsaidii mtu. Leo umeusema, umeurudisha kwenye kote yake."

Wakafika barabarani, pikipiki zikipita mbio.

"Haya, angalia kote kabla ya kuvuka," shangazi akasema.

"Kote ipi, shangazi?"

Wakacheka hadi ng'ambo ya pili.