Mwizi Aliyevua Viatu

Alhamisi asubuhi, Aprili ya mwaka 2011, Ghulamabbas alifungua mlango wa jikoni unaoingilia gerejini, akawasha taa, na kikombe cha chai kikamponyoka mkononi.

Gari lake lilikuwepo. Chevelle nyekundu ya mwaka 1969, pua ndefu, injini yenye sauti ya kuamsha nusu ya kitongoji cha Unionville, lilikuwa pale pale alipoliacha. Kilichotoweka ni rimu mpya za alumini pamoja na matairi yake mapana, zote nne. Gari lilikuwa limesimama juu ya magurudumu yake ya zamani ya chuma, meusi, membamba, kama bwana harusi aliyevalishwa kandambili.

"Jena!" alipiga kelele. "Jena, tumeibiwa!"

Jumamosi ile binti yake wa pekee, Farhat, alikuwa anaolewa, na Ghulamabbas alikuwa ameahidi kumpeleka msikitini mwenyewe ndani ya gari hilo. Alipofika Toronto kutoka Tanga, akiwa kijana, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuegesha magari ya wateja mjini, na tangu hapo alitamani kushika usukani wa gari kama lile bila kumrudishia mtu funguo. Alilipata uzeeni, likiwa bovu, akalifufua. Zilibaki rimu tu, na hizo alizichagua majira mazima ya baridi, kwa makini kuliko baba anayechagua mkwe.

Polisi hakuwaita. Wageni wa harusi walikuwa wameanza kuwasili, na hakutaka taa za polisi zimulike mlangoni kwake. Alimpigia simu binamu yake Kulsum wa Kingsview Village, ambaye maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye kampuni ya bima, akichunguza madai ya ajali na wizi wa magari. Wenye madai ya uongo walikuwa wakimwogopa kuliko hakimu.

Kulsum alifika saa nne. Alivua buti mlangoni, akasimama kwenye kizingiti cha gereji bila kugusa kitu.

"Kulsumbai, nakwambia mbele ya Jena," alisema Ghulamabbas, shingo imemsimama mishipa. "Huyu mwizi, awe ndugu, awe rafiki, harusini kwangu hatakanyaga. Nimeapa."

"Usiape kabla hujamjua," alisema Kulsum. "Gari uliliona lini mara ya mwisho?"

"Jana mchana. Halafu nikaenda na Farhat mtaa wa Gerrard kuchukua nguo zake. Tulirudi jioni, sikuingia huku."

"Jenabai, wewe ulikuwepo?"

"Jikoni," alijibu Jenabai, mke wa Ghulamabbas. "Nakaanga gathia za unga wa dengu, za wageni. Sikusikia kitu, mafuta yalikuwa yanapiga kelele."

Kulsum alitazama chini. Sakafu ya gereji ilikuwa imetandikwa zulia la zamani la sebuleni, rangi ya maziwa, maana Ghulamabbas alilipenda gari lake kiasi hicho. Nje theluji ya mwisho ilikuwa inayeyuka, na njia yote ya gari ilikuwa tope na chumvi. Juu ya zulia hapakuwa na hata alama moja.

"Mwizi gani anavua viatu?" aliuliza.

"Mwizi mwenye adabu," alisema Jenabai, akarudi jikoni kwake.

Kulsum aliinama kwenye gurudumu la mbele. "Nati za alumini na nati za chuma ni tofauti. Hizi za zamani ulikuwa umeziweka wapi?"

"Kwenye kopo la samli, rafu ya juu."

Alilishusha kopo. Ndani zilikuwemo nati mpya za alumini, zimefungwa vizuri ndani ya kitambaa zisikwaruzane. Kulsum alizitazama, akatabasamu kidogo. Kisha akaona jambo jingine: juu ya kila nati iliyofungwa garini kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya machungwa, unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye gurudumu.

"Umeichora wewe mistari hii?"

"Nichore ya nini? Mimi mtoto?"

Kulsum alitandika kadibodi, akajilaza na tochi yake, pamoja na umri wake, akachungulia nyuma ya gurudumu. Alimulika huku na huku mpaka Ghulamabbas akaanza kukohoa.

"Ghulambhai, paipu za breki za mbele ulibadilisha lini?"

"Sijabadilisha. Breki zangu nzima kabisa."

"Zote mbili ni mpya. Hazijashika hata vumbi." Aliinuka, akajipangusa. "Mwizi wako amekuibia rimu, halafu akakutengenezea breki."

Mwisho alifungua mlango wa dereva. Kwenye usukani kulikuwa na vumbi la njano. Aliligusa kwa kidole, akanusa, akafunga mlango taratibu. Hilo hakumwambia mtu.

Jumapili iliyopita, siku rimu zilipofungwa, wanaume watatu walikuwepo gerejini. Ghulamabbas alikuwa amewapanga mstari na kuwauliza mmoja mmoja: "Zinafaa au hazifai?" Kulsum alitaka kuwaona wote watatu, naye akawangoja sebuleni. Jenabai aliandaa chai juu ya meza mbili fupi za duara, zilizofunikwa vitambaa vya kutarizi mpaka chini.

"Meza mpya hizi?" Kulsum aliuliza.

"Za sinia za zawadi," alijibu Jenabai haraka. "Kula, kula, gathia zitapoa."

Wa kwanza kufika alikuwa Akbar, mdogo wake Ghulamabbas, mwenye ufunguo wa nyumba na ulimi usio na breki.

"Mimi nilimwambia wazi," alisema. "Nilisema rimu hizi ni kama sinia za pilau, gari la watu wazima lisivalishwe hivyo. Yeye akanifukuza."

"Ukaja jana kuzitoa?"

"Kwa mgongo huu? Hata jeki siwezi kuinua." Akbar alitaka kujinyoosha, goti likagonga meza, akaguna. Meza haikutikisika hata chembe. Kulsum aliona, akamsogezea chai.

Wa pili alikuwa Amyn, jirani wa ng'ambo ya barabara, naye ana gari la zamani la aina hiyo hiyo. Hakuona haya.

"Rimu zile nilizitaka mimi," alikiri. "Tulizionea duka moja. Yeye akawahi. Nilikasirika, kweli, wiki nzima sikumsalimia."

"Kwa gari lako zingefaa?"

"Ndilo nililotaka kupima. Matundu yanalingana, upana unalingana, lakini zimeingia sana kwa ndani. Nilimwambia pale pale dukani, 'Pima na kina cha nyuma.' Akasema nina wivu." Amyn aliinua mabega. "Nilikuwa nao. Lakini kuvua viatu kumwibia mtu? Mimi ningeingia na buti, Auntie, nimchafulie na zulia."

Ghulamabbas, aliyekuwa amejibanza mlangoni akisikiliza, alitaka kumrukia. Kulsum alimtuliza kwa jicho.

Wa tatu alikuwa Hadi, mchumba wa Farhat, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini. Alikuwa fundi wa ndege uwanja wa Pearson, mtu mpole, ambaye mbele ya baba mkwe wake sauti ilikuwa ikimpungua nusu.

"Jumapili Ghulambhai alipokuuliza, ulijibu nini, mwanangu?"

"Nilisema zimependeza, Shangazi."

"Aliuliza kama zinafaa."

Hadi aliitazama chai yake. "Nilisema zimependeza."

Kulsum hakumsukuma. Alimpa sufuria ya Jenabai ambayo mpini wake ulikuwa umelegea. Alikuwa ameulegeza mwenyewe dakika chache nyuma. "Nikazie huu, tafadhali. Wewe fundi."

Hadi alifurahi kupata kitu cha kushika. Alikaza parafujo, akaujaribu mpini, kisha, bila hata kufikiri, akatoa kalamu ya rangi mfukoni na kuchora mstari mwembamba wa rangi ya machungwa kutoka kwenye parafujo mpaka kwenye mpini.

"Mstari wa nini?" aliuliza Kulsum.

"Mazoea ya kazi. Ukikaza kitu unakiwekea alama. Kikianza kulegea, mstari unakatika, unaona kabla hakijafung..." Aliishia hapo. Alikuwa ameiona sura ya Shangazi Kulsum.

Mlangoni, Ghulamabbas naye alikuwa ameuona mstari ule. Uso wake ulibadilika, kwanza ukawa mwekundu, halafu ukawa kama wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake. Farhat, aliyekuwa anashuka ngazi, alisimama katikati.

"Hadi?" alisema Ghulamabbas. "Wewe?"

"Subiri," alisema Kulsum. "Kila mtu gerejini. Na viatu mvue."

Lakini kwanza alivuta vile vitambaa vya kutarizi. Chini yake, mbili mbili zimelaliana, zilikuwa rimu nne zinazong'aa na matairi yake. Tangu asubuhi walikuwa wanakulia gathia juu ya mali iliyoibwa.

"Jena!" Ghulamabbas alimgeukia mkewe.

"Ukibadilisha paipu za breki lazima utoe hewa ndani yake, na hiyo ni kazi ya watu wawili," alisema Kulsum. "Mmoja chini ya gari, mwingine ndani anakanyaga pedali. Na huyo wa ndani alikuwa na unga wa dengu mikononi."

Jenabai aliinua kidevu. "Nilikanyaga. Na nikiambiwa tena, nitakanyaga."

Gerejini, Kulsum alimwambia Hadi arudishe rimu moja mpya mbele kushoto. Kijana aliifunga, akakaza nati moja moja. Gari likashushwa kutoka kwenye jeki. Akbar, Amyn na Jenabai wakaambiwa waingie ndani ya gari wakae, Akbar akilalamikia mgongo wake.

"Sasa wewe, Ghulambhai. Kaa kwenye usukani, uzungushe mpaka mwisho."

Ghulamabbas alizungusha. Kutoka chini ilitoka sauti ya kusaga, nzito, mbaya. Alisimamisha mkono. Kulsum akampa tochi.

Alipiga magoti juu ya zulia lake, akamulika. Ukingo wa ndani wa tairi pana ulikuwa umeigandamiza paipu ya breki, unaisugua. Alitazama muda mrefu. Halafu Hadi akatoka hadi kwenye gari lake mwenyewe nje, akamletea paipu mbili za zamani, na zote zilikuwa zimechunika mpaka nyuzi zinaonekana.

"Nilipima," alisema Ghulamabbas kwa sauti ndogo. "Nilipima kila kitu."

"Ulipima gari likiwa juu ya jeki, usukani umenyooka, ndani hamna mtu," alisema Kulsum. "Likiwa hivyo, zinafaa."

"Nilikuja kuliosha Jumatatu, Baba," alisema Hadi, macho chini. "Nilipozungusha usukani nikaona. Lakini Jumapili, mbele ya watu wote, nilikuwa nimesema zimependeza. Ningekuambia vipi tena? Mimi mkwe, bado hata sijaoa. Nilikuja kwa Mama. Mama akasema ukiambiwa hutasikia, na ukisikia utaumia mbele ya wageni. Na Jumamosi Farhat angekuwa ndani." Alionyesha paipu zile. "Afadhali uniite mwizi. Kiapo chako Mama ameniambia; harusini nisipokanyaga, nitakuwa nimejua Farhat amefika salama."

Farhat, mtoto wa Toronto, aliyeelewa kila neno la Kiswahili na siku zote hujibu kwa Kiingereza, safari hii alisema kwa Kiswahili: "Baba, tafadhali."

Ghulamabbas aliinuka taratibu, akijishika kwenye madigadi ya gari lake. Aliwatazama Akbar na Amyn, akamtazama mkewe ambaye alikuwa bado amekaa garini kama malkia, kisha akasimama mbele ya Hadi.

"Mbele ya watu wote hawa," alisema, "nakuuliza tena. Rimu zangu. Zinafaa au hazifai?"

Masikio ya Hadi yaliwaka. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu alipomposa Farhat, akamtazama baba mkwe wake usoni.

"Hazifai, Baba."

Ghulamabbas alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayepokea zawadi nzito asiyojua aiweke wapi. Machozi yalimjia, akayaacha.

"Kiapo changu cha asubuhi nakirudisha," alisema. "Mnasikia wote? Lete jeki, mwanangu. Tuitoe hii pamoja."

Walipiga magoti pande mbili za gurudumu moja. Nati ya mwisho Ghulamabbas aliikaza mwenyewe, kisha akanyoosha mkono kuomba ile kalamu ya rangi, akachora mstari wake, umepinda kidogo.

Amyn alisafisha koo. "Basi zile rimu, Ghulambhai... kama huzihitaji..."

"Kwa gari lako pia hazifai," alisema Ghulamabbas. "Na Jena ameshazoea meza zake."

Jumamosi Chevelle lilifika msikitini juu ya magurudumu meusi ya chuma yaliyosuguliwa mpaka yanang'aa. Ghulamabbas alikata kona ya mwisho taratibu, usukani umezungushwa mpaka mwisho, masikio wazi. Chini hapakusaga kitu. Nyuma, Farhat alikuwa anacheka.