Kicheko na Viza ya Tajiri

Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa changu aliponiambia kuwa binti yangu ametoroka kwa tajiri wake wa kazi huko nje.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayedhani ninajua tayari. Kuna mteja wake mwenye mpwa anayefanya kazi katika mji uleule aliko mwanangu, na huyo mpwa kasimulia kwamba yule msichana wa dobi la hoteli, yule mwembamba anayecheka sana, haonekani tena kazini. Jina lake liko polisi, na kuna mwanaume amemweka chumbani. Kisha msusi akavuta nywele na kuniuliza kama ananiumiza.

Nikamwambia haniumizi. Nikajitazama kwenye kioo na kujiambia ni uongo, watu wana midomo. Mwanangu si alinipigia juzi tu akasema kila kitu shwari? Lakini lile neno, "anayecheka sana," lilikataa kunitoka. Mzushi angejuaje kuwa mwanangu anacheka sana? Nikainuka nikiwa nimesukwa upande mmoja, upande wa pili nywele zimesimama, nikafunga kitambaa na kutoka. Msusi akanifuata hadi mlangoni, kitana mkononi.

"Mama Kicheko, unaenda hivyohivyo?"

Nikaenda hivyohivyo. Nilikuwa nakwenda kwa mchumba wa binti yangu.

Sasa nieleze walivyokutana hao wawili, kama walivyonisimulia wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake.

Ng'ambo ya ofisi ya pasipoti kuna ujia mrefu wenye vibanda pande zote: wanaotoa nakala, wanaouza bahasha, wanaojaza fomu za wasiojua kujaza. Katikati ya ujia ule kijana mmoja alikuwa na studio nyembamba yenye shuka jeupe ukutani, kigoda na taa mbili. Kazi yake ni picha za pasipoti. Watu wote humwita Fundi. Binti yangu aliingia pale na gauni la manjano lenye kola ndogo, nywele amezibana nyuma kwa sababu masikio lazima yaonekane.

"Dada, usicheke. Mashine inakataa meno."

"Sicheki."

"Unacheka."

"Ni hiyo kola yako, kaka. Aliyekupigia pasi ana ugomvi na wewe?"

"Nimejipigia mwenyewe."

"Basi mna ugomvi wa siku nyingi."

Jicho la kazi la binti yangu hilo. Alikuwa akipiga pasi mashati ya wageni katika hoteli moja ya mjini, na kola mbaya ilimkera kama chumvi iliyozidi. Fundi akapiga picha, ikakataliwa. Akapiga tena. Foleni nje ikaanza kunung'unika, na mzee mmoja akasema kama wanataka kuoana wakaoane nje, wengine wana safari. Fundi alipotaka kuandika jina kwenye bahasha aliandika Kicheko, na jina hilo likatufuata hadi nyumbani. Leo hata mimi naitwa kwa hilo.

Fundi alijua tangu mwanzo kuwa anapenda mtu wa kuondoka. Hakuna anayekaa kwenye kigoda kile isipokuwa wa kuondoka. Lakini viza ilichelewa, na katika kuchelewa kwake walipata muda wao. Kicheko akawa anarudi studio kila mara akisema wakala aliyemtafutia kazi ya nje anadai picha za saizi nyingine. Saizi nyingine wakala hakuzidai kamwe. Jioni Fundi alimsubiri kwenye mlango wa nyuma wa dobi, na binti yangu alitoka akinukia sabuni na mvuke, mikono imelainika, wakatembea pole pole hadi kwetu wakigombana kwa vitu vya kipuuzi. Shangazi yake Fundi akaja kuzungumza na mimi, tukakubaliana: aende, amalize mkataba wake wa miaka miwili, arudi, waoane.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupiga pasi katika dobi la hoteli ya nje, na viza ilikatwa kwa jina la tajiri mwenye hoteli. Wakala, mwanaume wa viatu vinavyong'aa, alituambia hilo kama habari njema. Tajiri anakudhamini kila kitu, alisema, wewe ni kupanda ndege tu. Nikamuuliza, na huyo tajiri akimchoka? Au akifunga hoteli? Akaniambia, "Mama, mbona unaanza na mabaya?" Akageukia simu yake. Jibu hatukulipata.

Kicheko akaenda. Kila siku yake ya mapumziko alimpigia Fundi, na Fundi aliweka kibao cha kufungwa mlangoni ili azungumze kwa nafasi.

"Umekula, mke wangu?"

"Nimekula. Na usiniite mke, hata ukumbi hujaulizia."

"Nimeulizia. Wamesema bwana harusi anafaa, tatizo ni bibi harusi yuko kwenye mashati ya watu."

"Mwambie mwenye ukumbi bibi harusi anakuja, na kola zenu zote atazinyoosha."

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Kisha siku moja, badala ya kupiga, akatuma ujumbe mfupi: naomba ile picha yangu, unibadilishie mandhari iwe ya buluu.

Mtu mwingine angetuma bila kuwaza. Fundi si mtu mwingine. Yeye huwapiga picha wanaokwenda na wanaokuja kwa likizo, na anajua kuwa nchi ile hutaka mandhari ya buluu kwa kitu kimoja tu, kibali kipya cha kazi. Kwa hiyo alisoma ujumbe ule akaona jambo ambalo halikuandikwa: mchumba wake anaongeza mkataba, na anafanya hivyo kimyakimya. Akabadilisha mandhari. Akatuma picha. Hakuandika hata hujambo. Alipopigiwa siku iliyofuata hakupokea, na iliyofuata pia hakupokea. Kibao cha kufungwa hakukiweka tena. Akawa anafanya kazi mchana kutwa, ananyoosha videvu vya watu, anawaambia watazame mbele.

Kwangu mimi Kicheko aliendelea kupiga na kusema shwari. Hapa lazima nieleze jambo la nyumbani kwetu. Tangu daktari aseme nina presha, hakuna anayeniambia baya lolote. Paa likivuja naambiwa ni unyevunyevu. Dada yangu alilazwa hospitali, mimi nikaambiwa amekwenda kutembea. Wananipenda, najua. Lakini ukiishi hivyo unafika mahali ukisikia neno "shwari" moyo unaanza kwenda mbio.

Basi nikafika studio na kichwa changu cha nusu. Ndani kulikuwa na mteja amekaa kwenye kigoda, kijana wa shati jeupe. Fundi akanitazama, akashusha kamera.

"Mama, kuna msiba?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja."

Nikamwambia ya msusi. Akasema hayo si kweli, ukweli ni kwamba Kicheko ameongeza miaka, na akanieleza habari ya picha. Nikamuuliza kama amemsikia akisema hivyo kwa mdomo wake. Akatazama chini. Tukabaki hivyo, mimi nimeshika uvumi wangu na yeye ameshika wake. Tukapiga namba ya Kicheko. Haipatikani. Tukapiga tena, haipatikani.

Nikamkumbusha kuwa mwanzoni kabisa, kabla hajapata laini ya kule, Kicheko alikuwa akitumia simu ya mwenzake wa kitanda cha juu. Fundi alikuwa nayo namba hiyo.

"Mtu aliyeamua kubaki, mama, unampigia umwambie nini?"

"Piga, mwanangu."

Akapiga, akaweka sauti ya juu. Mwanamke akapokea na kuuliza ni nani kwa sauti ya mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja. Fundi akajitaja. Kukawa na minong'ono, kisha sauti ya binti yangu.

"Leo umekumbuka kuwa nina simu."

"Uko wapi, Kicheko?"

"Usimwambie mama."

"Mama yupo hapa," nikasema.

Nikamsikia anavuta pumzi. "Mama, presha yako?"

"Presha iko mahali pake. Sema."

Akasema. Hoteli iliuzwa. Mwenye hoteli mpya alikuja na watu wake, dobi likafungwa, na wapiga pasi wote wakaambiwa kila mmoja atafute tajiri mwingine wa kuchukua viza yake kabla ya muda fulani, la sivyo arudi kwao. Akampata mama mmoja mwenye dobi dogo aliyekubali kumchukua. Mama huyo akaomba picha ya buluu, akamwambia aanze kazi palepale, karatasi zitafuata. Kicheko akaanza. Karatasi hazikufuata. Tajiri wa zamani alikuwa bado hajamwachia kwa maandishi, na alipoona kitanda chake kitupu akaripoti kuwa mfanyakazi wake katoroka, maana mdhamini asiporipoti hulaumiwa yeye. Mwenye dobi dogo aliposikia habari ya polisi akamfungia mlango. Sasa alikuwa amejificha katika chumba cha juu ya duka, yeye na wanawake wengine wa dobi la hoteli, mapazia yamefungwa mchana kutwa, wanavua viatu ili wa chini wasisikie hatua. Laini yake aliizima kwa kuogopa kutafutwa. Akitaka kunipigia aliiwasha kidogo tu, akasema shwari, akaizima.

"Na huyo mwanaume?"

"Mwanaume gani? Mlinzi wa jengo, mama. Anatuletea maji. Ana wajukuu."

Yule mteja akainuka, akanipa kigoda.

Kicheko akatuambia alivyopanga. Atabaki. Kuna nyumba za watu zinazotaka wapiga pasi bila kuuliza karatasi. Atafanya hivyo mpaka mambo yatulie. Nilikuwa nawaza mwanangu akiugua ataenda hospitali gani, akidhulumiwa atamshtaki nani, mtu asiyeruhusiwa hata kukanyaga sakafu kwa kishindo.

Fundi ndiye aliyesema. "Rudi, Kicheko. Nenda ofisi ya uhamiaji, jieleze, wakurudishe."

"Nikijisalimisha sitaruhusiwa kuingia tena nchi hii."

"Una nini huko cha kuingilia tena?"

"Niliondoka mtaa mzima ukitazama. Nirudi na nini?"

"Na miguu yako."

Akaanza kulia, na katika kulia akaghadhibika. "Wewe usinipangie. Ulininyamazia. Nilikuomba picha ukanitumia kama unavyomtumia mteja."

"Nilidhani umeongeza mkataba."

"Si ungeniuliza?"

"Niliogopa utasema ndiyo."

Kijana wa shati jeupe alikuwa amesimama wima, masikio nje, anasikiliza.

"Na wewe kwa nini hukuniambia hoteli imeuzwa?" Fundi akauliza, sasa kwa upole.

"Wewe ungemwambia mama."

"Ningemwambia."

"Ndiyo hivyo sasa."

Nikaichukua simu mkononi mwa Fundi. Nikamwambia mwanangu kuwa nimesikia yote na bado nimekaa, sijaanguka, na kwamba mimi naweza kubeba habari yoyote ila ile nisiyoijua. Nikamwambia arudi. Akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu alipokuwa mtoto mwenye homa.

Akaenda kujisalimisha, yule mwenzake wa kitanda cha juu akamsindikiza hadi geti la uhamiaji. Baada ya hapo simu yake ilichukuliwa, akawekwa katika jengo la wanaosubiri kurudishwa, na sisi tukabaki hatujui lolote la hakika. Siku zile sitaki kuzikumbuka sana. Nilikuwa napika na kusahau moto. Fundi alifunga kazi mapema, akaja kukaa nyumbani, tukatazamana. Akawa ananiambia lolote analolisikia, hata la kutisha, na kwa hilo nitamshukuru mpaka nife.

Kicheko alitoka uwanja wa ndege na mfuko mmoja wa plastiki, gauni kubwa lisilo lake, mabega yamechongoka. Alinikumbatia mimi kwanza, muda mrefu. Kisha akamgeukia Fundi, akasimama mbali naye kidogo.

"Usinioe kwa huruma."

"Huruma sina," Fundi akasema. "Nina haraka tu. Shangazi yuko nyumbani, na mwenye ukumbi nimemwambia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukikataa nimpigie sasa hivi."

Akamtazama. Akamtazama tena. "Usimpigie," akasema, akampa ule mfuko abebe.

Wameoana. Anapiga pasi tena, hapa hapa mjini. Lakini mlango ukigongwa ghafla huwa anavua viatu kabla hajajua anafanya nini, na mume wake huenda kufungua.

Ninyi wasichana mnaojiandaa kwenda, na mama zenu, na wachumba wenu, haya yaepukeni:

Usisafiri kabla hujajua viza yako imefungwa kwa nani, na akifunga kazi utafanya nini.

Usimwache wakala aondoke na swali lako bila kulijibu.

Usianze kazi kwa tajiri mpya kabla wa zamani hajakuachia kwa maandishi. Usikubali neno "karatasi zitafuata."

Usiondoke kwenye kitanda cha kazini kimyakimya, hata kwa siku moja.

Usijifiche. Anayejificha anaweza kufanywa lolote.

Usimfiche mama yako kwa sababu ya presha.

Usimkasirikie mtu kwa jambo ulilolikisia.

Usikae unasubiri simu. Piga wewe.