Majike Waliomkataa Jemedari

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Gati alishuka bondeni na kopo la pumba kuwalisha sato wake. Miaka ile viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa Musoma, na samaki wazuri wa ziwani walipandishwa ndege. Kijijini kwao Butiama watu waliambulia mifupa. Gati alipochimba bwawa lake kwa jembe, viganja vikimtoka malengelenge, majirani walimcheka. Baadaye haohao walianza kuulizia kitoweo.

Lakini mwaka huo bwawa liliugua. Samaki wengi walikonda, mapezi yao yakaota utando mweupe kama pamba. Dume lilikuwa moja tu, pande la samaki ambalo Gati aliliita Jemedari. Lilichimba kiota kwenye tope, likajishaua mbele ya majike mpaka likachoka. Majike walilikaribia, wakageuka, wakaenda zao. Hakuna aliyetaga, na Gati aliumia sana.

Baba yake, Mzee Mwikwabe, hakuwa na subira. "Mvua za vuli zikinyesha hujapata vifaranga, nafukia shimo hilo, napanda mihogo," alisema.

"Halifukiwi, baba," Gati alijibu. Siku ya mnada alimvizia Eufrasia, ofisa uvuvi kutoka Bunda ambaye watu walimwita Bibi Samaki, akamng'ang'ania mpaka akakubali kuja.

Eufrasia alichuchumaa ukingoni. "Madume wengine wako wapi?"

"Wale waliliwaga na korongo," alidakia Mzee Mwikwabe. "Mwenyewe aliniambia."

"Basi tutafunika bwawa kwa nyavu," alisema Eufrasia, akaanza kuinuka.

Gati angeweza kunyamaza, na kipigo kingemwepuka. Lakini aliona wazi kwamba bwawa lingekufa.

"Si korongo, mama," alisema, machozi yakimlengalenga. "Niliwatoa mimi. Walikuwa wadogo, hawana rangi. Nikamwacha Jemedari peke yake, ili vifaranga wote wawe wakubwa kama yeye. Wengine tuliwakaanga na Nyangi, rafiki yangu."

"Wewe mtoto!" baba alifoka. Eufrasia alimtuliza kwa mkono, akachuchumaa tena.

"Na haya majike?"

"Ni watoto wa Jemedari. Mama zao tulishawala."

"Ahaa! Sikiliza. Kila samaki hurithi kwa wazazi wake kinga ya kupambana na magonjwa. Wataalamu wameona kwamba jike wa aina kadhaa za samaki huinusa kinga ya dume majini. Mara nyingi humpenda mwenye kinga tofauti na yake, ili watoto warithi za pande zote mbili. Kwa sato sina hakika, ila nadhani hawa wakimnusa Jemedari wananusa nyumbani kwao. Na kwa kuwa wote wana kinga ileile, ugonjwa mmoja unawashika wote."

Mzee Mwikwabe alikasirika, lakini kicheko kilimponyoka. "Kumbe! Hata sisi hatuoaniga ndani ya ukoo. Mwanangu, umemwoza baba kwa binti zake!"

Waliwatoa wagonjwa na kubadilisha maji. Jumamosi baba na binti walikwenda Mugango kwa baiskeli, wakaomba kwa wavuvi mbalimbali madume wakubwa kwa wadogo, wenye rangi na wasio na rangi. Wakati wa kurudi Gati aliikumbatia ndoo njia nzima, akiongeza maji safi kila walipofika kijito. Mgongo ulimuuma, lakini alikataa kupokewa.

Mawingu ya vuli yalikuwa yamejikusanya alipoona jike amevimba kidevu na kuikataa pumba. Alijua huyo anatunza mayai mdomoni. Siku jike alipofumbua kinywa, vifaranga wakamwagika majini, na Gati alipiga yowe lililowatoa watu mashambani.

Eufrasia alipokuja kuwaona, alimshika Gati bega. "Siku ile ungeshikilia habari ya korongo, ningefunga nyavu zangu nikaondoka, na samaki wako wangekufa chini ya nyavu nzuri. Mimi natibu kile ninachoambiwa. Bidii ulikuwa nayo tangu mwanzo, mwanangu. Bwawa lako lilianza kupona pale uliposema kweli, huku machozi yakikulengalenga."