Gauni la Rangi ya Limau

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025, joto liliingia mjini bila kubisha hodi. Katika duka la vitambaa wanunuzi walisongamana, na feni ya darini ilikuwa imezima. Miongoni mwao alikuwamo fundi cherehani mmoja, mwanamke mwenye macho ya upole, akiwachagulia wateja wake pamba nyepesi. Yeye mwenyewe alivaa sweta jeusi lililomfunika hadi viganjani.

"Dada, nishikie ngazi, tafadhali," ilisema sauti kutoka juu. Alikuwa fundi umeme, bisibisi nyuma ya sikio, shati limemganda mgongoni.

Akaishika.

"Na sweta hilo, si utaiva?"

"Kaka, tengeneza feni. Sweta mwachie mwenyewe."

Fundi umeme alicheka hadi ngazi ikatikisika. Feni ilipoanza kuzunguka, walikuwa wamekwisha kupeana namba za simu.

Penzi likakolea. Kila jioni simu ililia.

"Sweta wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, Bwana Upepo?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Vizuri, basi ukija usiniombe chakula."

Jambo moja tu fundi cherehani hakumwambia. Tangu siku ile ya utotoni, shangazi yake alipowachekesha wageni kwa kusema kwamba mikono ya mtoto huyu ni minene kama mapaja, hakuiacha wazi tena. Aliwashonea wanawake wa kila umbo magauni ya mabega wazi, akawasifu kwa moyo mweupe, kisha akarudi kutokwa jasho ndani ya sufi yake.

Novemba ilipoanza kuchoma, fundi umeme alimwonea huruma. Alikwenda kwa mshonaji mwingine, akaagiza gauni la pamba la rangi ya limau, lisilo na mikono. Vipimo alivikadiria kwa macho. Lilipokamilika, alilipeleka nyumbani kwa mpenzi wake, akamwachia dada mkubwa wa mwanamke huyo.

Fundi cherehani alipolivaa, lilimmeza. Dada mkubwa alivuta kitambaa kilichobaki, akaangua kicheko.

"Mdogo wangu, humu tunaenea wawili!"

Yeye hakucheka. Machozi yalimlengalenga. "Kumbe ndivyo anavyoniona."

Simu ikalia papo hapo.

"Kipenzi, limekukaa?"

"Limenikaa mimi na ukoo wangu. Asante kwa kunionyesha nilivyo mkubwa."

Akakata. Tangu hapo hakupokea simu zake, hata fundi umeme aliposhindwa kuvumilia, akaja asubuhi hadi chumba chake cha kushonea.

"Nimekosa nini?"

"Umenikadiria kwa macho, ukaona tembo."

"Tembo? Mimi niliongeza! Sisi waya hatuukati sawasawa na ukuta. Tunaacha wa ziada, maana mrefu utaupunguza, mfupi utaufanya nini? Nikamwambia mshonaji aongeze kila upande. Naye nadhani akaongeza ya kwake."

Fundi cherehani, ambaye hakuwahi kushona nguo bila kuacha ziada ndani ya mshono, alijikaza, lakini kicheko kikamponyoka. Kisha akainama.

"Naionea haya mikono yangu. Naogopa ukiiona utaondoka."

Fundi umeme alichukua mkoba wake wa kazi. "Nikikujibu kwa maneno hutaniamini. Niko kwenye karakana yangu hadi jioni. Uje na sweta, uje bila sweta, utanikuta."

Alipoondoka, fundi cherehani alilifumua gauni. Siku zote alipojipima mkono aliikaza futi ya kupimia ili apate namba ndogo. Safari hii aliilegeza, akaandika ukweli. Alishona taratibu, akapiga pasi, akavaa, akasimama mbele ya kioo cha wateja.

Mikono ilikuwa minene, yenye michirizi karibu na mabega, imara kwa kubeba majora ya vitambaa na kusukuma pasi. Aliiinua. Upepo wa mlangoni ukamgusa bega, ukashuka hadi kwapani, na mwili mzima ukashusha pumzi. Alibaki pale kitambo, akiufurahia upepo ule kwa ajili yake mwenyewe.

Barabarani alitarajia mji mzima ugeuke. Muuza matunda alimwuliza tu kama anataka ndizi. Akanunua. Jua lilimkalia mabegani kama mgeni mwenye adabu.

Fundi umeme alipomwona mlangoni, aliweka koleo chini, akabaki ametumbua macho.

"Sema basi!"

"Nasema nini? Umependeza hadi nimesahau nilikuwa natengeneza kitu gani. Joto unalionaje?"

"Tamu," alijibu, akashangaa kwamba hakuwa akidanganya.

Fundi umeme alimvutia kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja. Sauti yake ilishuka. "Nikikuomba tuoane, utakubali?"

"Nitakubali. Ila gauni la harusi usithubutu kuliagiza. Nitalishona mwenyewe, mabega wazi."

Akamenya ndizi, akampa nusu.

Nawe msomaji, yuko dada, binti au jirani yako anayetokwa jasho hivi sasa chini ya nguo nzito kwa sababu ya neno aliloambiwa zamani. Msomee hadithi hii, au mpe aisome mwenyewe.